Nafasi kati ya Friji na Ukuta

Jumanne ya pili ya Machi, saa kumi na nusu alasiri, Saija Lehtovaara alikikunjua kizimba cha mbao alichokitengeneza kwa mikono yake, akakisogeza mpaka kikagusa kaunta ya jikoni, akakitikisa aone kama kinayumba. Hakikuyumba. Vanishi ilikuwa imekauka tangu asubuhi. Kwenye kaunta palikuwa na bakuli la unga wa ngano, hamira, siagi iliyoanza kulainika, na iliki aliyoitwanga mwenyewe kwa sababu ile ya pakiti haikuwa na harufu. Akageuka kufungua friji atoe maziwa. Alipogeuka tena, binti yake Taimi, mwenye umri wa miaka miwili na miezi minane, alikuwa amesimama ndani ya kizimba, mkono wa kushoto umefungwa plasta ya bluu, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna.

"Mama, unga," alisema Taimi.

Wakati huo Taimi alikuwa akiishi kilomita mia moja na arobaini kutoka hapo, kwa familia ya malezi, na mama yake alikuwa hajamwona kwa siku kumi na tisa.

Saija akaufunga mlango wa friji. "Kwanza tunanawa mikono," alisema.

Jiko lile lilikuwa na upana wa mita moja na nusu. Kama majiko mengi ya fleti za zamani huku Ufini, lilikuwa na kabati la kukaushia vyombo juu ya sinki, dirisha moja linalotazama maegesho ya baiskeli, na meza ya watu wawili ambayo ikivutwa mlango haufunguki. Kati ya friji na ukuta palibaki nafasi ya sentimita kumi na nne. Hapo ndipo ulipokaa ufagio. Saija na Taimi waliishi humo peke yao. Baba yake Taimi alikwenda kaskazini kufunga mitambo ya upepo mtoto akiwa na miezi mitano, na huko kaskazini akazidi kwenda kaskazini mpaka simu zake zikakoma. Saija alifanya kazi zamu ya asubuhi kwenye kiwanda cha plaiwudi. Akitoka saa nane mchana alimpitia Taimi chekechea, wakarudi nyumbani, wakapika.

Mtoto wa umri ule hakubali kukaa miguuni pa mtu anayepika. Anataka kuona kinachofanyika huko juu. Taimi alizoea kukokota kiti mpaka kwenye kaunta na kupanda. Oktoba alianguka akachanika kidevu, akashonwa nyuzi tatu. Januari akaanguka tena, Saija akiwa amempa mgongo kwa muda wa kuchomoa sinia kwenye tanuri tu, na safari hii mkono ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Muuguzi aliyemfunga plasta alikuwa ndiye yule aliyemshona kidevu. Alikuwa mtu mwema. Alimpa Taimi stika ya sungura, halafu akajaza taarifa, kama sheria inavyomtaka.

Siku tano baadaye wakaja maafisa wawili wa ustawi wa jamii kutoka manispaa. Aliyezungumza alikuwa Marjut Ahola, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa uzi. Alivua viatu mlangoni, akakubali kahawa, akalipima jiko kwa futi.

"Mtoto husimama wapi unapopika?" aliuliza.

"Kwenye kiti."

"Kiti hiki?"

"Hicho hicho."

Marjut akakitikisa. Kiliyumba. Iliyokuwa na kasoro ni sakafu, lakini kilichoyumba ni kiti, na kilichoandikwa ni kiti.

"Bi Marjut, kila nyumba ina kiti," alisema Saija.

"Ni kweli. Ila si kila nyumba ina taarifa mbili."

Taimi alichukuliwa kwa siku thelathini ili hali ichunguzwe. Saija alimfungia nguo kwenye begi, soksi kwa jozi, na kisahani chake cha plastiki. Siku thelathini zilipokwisha ziliongezwa nyingine, na mwishoni mwa Februari ikaja karatasi isiyotaja idadi ya siku kabisa. Ilisema kwamba mama anaweza kukutana na mtoto mara moja kila wiki nne, saa mbili, katika chumba cha mikutano cha manispaa, mbele ya afisa. Ilisema pia kwamba chanzo cha hatua hiyo ni mazingira ya jikoni yasiyo salama kwa mtoto mdogo.

Saija aliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Haikusema kwamba anakunywa, maana hanywi. Haikusema kwamba anapiga. Ilisema jiko. Akaona kwamba kama kosa ni jiko, basi jiko linarekebishika.

Aliomba vipande vya plaiwudi ya mti wa mbetula vilivyokatwa vibaya kiwandani, msimamizi akamruhusu. Akavishusha chini ya jengo, kwenye karakana ya Kauko Hyttinen, mzee wa ghorofa ya kwanza aliyetengeneza milango maisha yake yote na sasa alikuwa amestaafu. Karakana ilipakana na sauna ya jengo, chumba cha kuogea mvuke, kwa hiyo ilikuwa na joto, na gundi ilikauka vizuri humo.

Kauko alizitazama mbao zilivyopangwa: vidato viwili, jukwaa la kusimamia, na kingo za pande nne za kumfika mtoto kiunoni.

"Sasa hiki nini, binti? Unajenga kizimba cha mahakamani?"

"Cha Taimi. Asimame humo afikie kaunta."

"Na jiko lako unalijua lilivyo? Ukiweka dude hili, wewe itabidi upikie kwenye ngazi za jengo."

"Ndiyo maana kitakunjwa, mzee wangu. Kiingie pale panapokaa ufagio."

"Kwenye ufagio! Pale pana sentimita kumi na nne tu."

"Nataka kikikunjwa kiwe kumi na mbili."

Kauko alimaliza kahawa yake. Halafu akainuka, akaleta boksi la bawaba. "Basi bawaba zifiche ndani," alisema. "Na pembe zote uzipige msasa mpaka ziwe duara. Mtoto asijichune."

Walikifanyia kazi wiki mbili. Jukwaa lilikuwa na mifuo mitatu ya kuliegemeza, juu, kati na chini, ili lishushwe kadiri mtoto anavyorefuka. Watu wa jengo wakaja kukiona, na wote wakakiita kizimba, jina alilolitoa Kauko.

Jumanne ile ya kwanza waliukanda pamoja unga wa pulla, mkate mtamu wa kusukwa, Taimi kwa mkono mmoja. Saija alisimama nyuma yake na kuhisi joto la kichwa chake chini ya kidevu. Unga ulipokandika, akaufunika kwa kitambaa uumuke, akamkamata Taimi makwapani amtoe, kama alivyomtoa mahali mara elfu. Miguu ya mtoto ilipoachana na jukwaa, mikono ya Saija ikakumbatia kifua chake mwenyewe. Kizimba kilikuwa kitupu. Pale jukwaani palikuwa na unga kidogo na alama ya kisigino.

Baada ya dakika chache simu ililia. Alikuwa Anneli, mama mlezi.

"Saija? Samahani nakusumbua. Taimi yuko hapa sakafuni jikoni kwangu analia, na mkono wake wa kulia una unga mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa anacheza na treni yake, nikaenda mara moja kutoa nguo kwenye mashine. Nataka kujua tu, ni unga wa ngano au wa shayiri? Maana wiki iliyopita alitoka vipele."

"Wa ngano."

"Haya. Nilidhani hivyo. Mlikuwa mnaoka pulla?"

"Ndiyo. Sasa unaumuka."

"Basi kesho mwite mapema kidogo, mwenzangu. Sisi tunakula saa kumi na moja, na akishashiba mikate mitamu hagusi viazi."

Kesho yake Saija alikikunjua kizimba saa kumi kamili, na Taimi akaja.

Utaratibu wake ulijulikana haraka. Taimi alikuja kizimba kikikunjuliwa na pakiwa na kitu cha kufanya kwenye kaunta: unga, karoti za kumenya, sufuria ya uji wa kukoroga. Kaunta ikiwa tupu hakuja. Alikaa kadiri alivyosimama mle ndani. Saija aliweza kumnawisha, kumchana nywele, kumpangusa pua, kumbusu utosini. Hakuweza kumtoa. Alijaribu mara mbili zaidi, mara moja polepole sana na mara moja ghafla, na mara zote mbili Anneli alipiga simu kusema mtoto ameanguka vibaya. Baada ya hapo hakujaribu tena. Taimi akajifunza kushuka mwenyewe kwa vidato, kinyumenyume. Akikanyaga kidato cha chini alikuwa bado yupo. Akikanyaga sakafu, alikuwa amefika kwa Anneli.

Aprili, Saija alimwita Marjut aje akague jiko. Marjut alivua viatu, akavaa miwani, akatoa futi. Taimi alikuwa kizimbani akivunja mayai, plasta ilikuwa imetolewa mkononi.

"Hujambo, Taimi," alisema Marjut.

"Sijambo. Hili lina mawili ndani," alisema Taimi, akionyesha yai.

Marjut alipima. Kaunta sentimita tisini, jukwaa arobaini na tano, ukingo arobaini na tano juu yake. Akakitikisa kizimba kwa mikono miwili kwa nguvu, mtoto akiwa ndani, na Taimi akacheka akamwambia afanye tena. Akakagua bawaba. Akachungulia ile nafasi ya kati ya friji na ukuta.

"Kazi nzuri," alisema. "Kusema kweli, nimeona vya madukani ambavyo haviwezi kusimama na hiki."

"Kwa hiyo jiko sasa ni salama?"

"Jiko ni salama. Nitaandika hivyo." Akaketi, akafungua daftari. "Na huyu anakuja kila siku?"

"Kila siku. Jumapili pia."

"Kwa muda gani?"

"Dakika arobaini. Tukioka, saa nzima."

Marjut akaandika. "Huku ni kukutana na mtoto nje ya ratiba, Saija. Tena bila afisa. Lazima nilitaje."

"Litaje. Mwulize Anneli kama mtoto anadhurika."

"Nimeshamwuliza. Anasema mtoto analala vizuri kuliko zamani." Aliivua miwani. "Mimi si mtu mbaya."

"Sijasema, Bi Marjut."

"Husemi, lakini unanitazama."

Saija akamkatia kipande cha pulla iliyosukwa na Taimi, chenye suko moja nene na mawili membamba. Marjut akala chote, akaokota na makombo kwa kidole.

Mei ilikuja barua. Ilisema kwamba, kwa kuwa mama na mtoto wanakutana kila siku jikoni kwa mama, mikutano ya kila wiki nne katika chumba cha manispaa haina haja tena na imefutwa.

Saija akapiga simu. "Bi Marjut, kule chumbani nilikuwa nampakata. Saa mbili nzima amelala kwenye mapaja yangu. Kizimbani siwezi."

"Naelewa."

"Huku namshika kupitia kwenye mbao."

"Naelewa, Saija. Lakini kwenye karatasi kukutana ni kukutana. Hakuna safu ya kupakata."

Septemba shauri la Saija la kuomba mtoto arudishwe lilisikilizwa. Saija alivaa suti aliyoivaa kwenye mazishi ya mama yake, maana ndiyo suti aliyokuwa nayo. Alileta picha za jiko, vipimo, na barua ya Kauko iliyoandikwa kwa penseli kuhusu uimara wa viungo vya mbao. Anneli naye aliitwa. Alisema kwamba anampenda mtoto, kwamba nyumba yake ni kubwa na ina bustani, na kwamba ingawa hakuulizwa, angependa kusema kuwa mtoto anajua mama yake ni nani. Karani akaandika yote isipokuwa hilo la mwisho, kwa sababu kweli hakuulizwa.

Uamuzi ulikuwa na kurasa sita. Ulikubali kwamba jiko la mama limekuwa salama. Ulikubali kwamba mtoto anafika humo kila siku na kupika pamoja na mama yake bila kupata madhara. Ukahitimisha kwamba, kwa kuwa mahitaji ya mtoto kwa mama yake yanatimizwa hivyo, hakuna sababu ya kubadili makazi yake. Mama anaweza kuomba tena baada ya mwaka.

Saija aliomba tena baada ya mwaka, na mwaka uliofuata, na uliofuata.

Taimi alikulia kizimbani. Alijifunza kuandika jina lake humo, kwa kidole, kwenye unga uliotandazwa. Jino lake la kwanza lilidondokea kwenye supu ya samaki, wakalitafuta kwa mwiko wa matundu mpaka wakalipata. Saija alimsuka nywele akiwa amesimama, yeye akimenya viazi, wakawa wanazungumza bila kutazamana, kama watu wanavyozungumza vizuri zaidi. Siku nyingine Taimi alikuja amenuna kwa mambo ya huko, akamenya kiazi kimoja, akashuka. Siku nyingine alikuja na homa, na Saija akamwambia shuka, mwambie Anneli akulaze. Jukwaa lilishushwa kwenye mfuo wa kati alipotimiza miaka minne, na kwenye mfuo wa chini alipofikisha mitano na nusu.

Jirani mmoja wa mtaa wa pili, ambaye watoto wake wawili walikuwa wamechukuliwa, alikuja kumwomba Kauko amtengenezee kizimba. Kauko alimtengenezea, chenye nafasi ya wawili. Watoto wake walikuja wakipokezana. Mwishoni mwa mwaka ule Kauko alikuwa ametengeneza vinane, na manispaa ikaleta fomu ya kuvisajili.

Alipokuwa na miaka sita na nusu, Jumatatu moja, Taimi alichelewa. Saija alikuwa amekikunjua kizimba na kusaga nyama. Saa kumi ikapita. Saa kumi na nusu Taimi alifika, lakini rangi ya fulana yake ilikuwa imefifia kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, na alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu aliye chumba cha pili.

"Unaumwa?" Saija aliuliza.

"Hapana. Ila kupanda kumekuwa kugumu. Kama mlango unaokwama."

Kesho yake alikuwa amefifia zaidi. Saija alishuka kwa Kauko, akamkuta anaota joto mlangoni pa sauna na taulo mabegani.

"Ana urefu gani siku hizi?" aliuliza Kauko.

"Anneli amempima. Mita moja na kumi na tisa."

"Basi kaunta anaifikia akiwa chini. Binti, yule hana haja ya kizimba tena. Na kizimba hakitamleta mtu asiyekihitaji."

Saija alikaa kwenye ngazi. Mvuke ulitoka mlangoni ukawapita wote wawili.

"Mtoto ukimzuia asirefuke utakuwa umemroga," alisema Kauko. "Kaunta hainyanyuki?"

Siku ile ile walianza. Waliyatoa makabati ya chini, wakayatengenezea miguu ya mbetula, wakairudisha kaunta ikiwa na mita moja na sentimita tano. Mtunza jengo akaja kurefusha bomba la sinki. Alisema watu siku hizi wanapenda vitu virefu. Siku iliyofuata Taimi alikuja saa kumi kamili na fulana nyekundu kabisa, na ilibidi jukwaa lirudishwe kwenye mfuo wa kati.

Tangu hapo kaunta ilinyanyuliwa kila siku ya kuzaliwa ya Taimi, na kama amerefuka ghafla, mara mbili kwa mwaka. Mita moja na kumi na tano. Na ishirini na tano. Kabati la kukaushia vyombo likaondolewa, maana kaunta ilikuwa imelifikia. Kizimba chenyewe kilibaki kile kile. Waliongeza tu kimo cha kingo. Saija akaanza kukanda akiwa amenyanyua viwiko, halafu mabega yakamuuma, halafu akajitengenezea benchi la kusimamia. Kaunta ilipofika mita moja na thelathini na tano, mama na binti walikuwa wanasimama bega kwa bega juu ya jiko lao, mmoja benchini na mwingine kizimbani, na dirisha la maegesho ya baiskeli likawa chini ya viuno vyao.

Katika mwaka wa saba wa maombi, manispaa ilipata mkuu mpya, na neno likapita kwamba kesi za zamani zitazamwe upya kwa nia njema. Marjut mwenyewe alipiga simu. Sauti yake ilikuwa na uchangamfu ambao Saija hakuwahi kuusikia.

"Andaa nyumba," alisema. "Safari hii nadhani, Saija. Sitaki kukuahidi, lakini nadhani. Kinachotakiwa ni ukaguzi wa nyumba tu, basi."

Saija aliosha madirisha. Alinunua kitanda cha msichana wa miaka tisa, akakiunganisha, akatandika shuka la vitone. Siku tatu hakulala vizuri. Alimwambia Taimi jikoni, kwa maneno machache, na Taimi akaacha kumenya, akatazama kisu.

"Na Anneli?" aliuliza.

"Utamtembelea."

"Kwa kizimba?"

"Kwa basi," alisema Saija, na wote wawili wakacheka sana kwa jambo ambalo halikuwa la kuchekesha hivyo.

Marjut alikuja siku ya Alhamisi. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe na alikuwa na mwaka mmoja wa kustaafu. Alikiona kitanda, akakibonyeza, akasema kizuri. Alikagua bafu. Halafu akaingia jikoni, akasimama mbele ya kaunta iliyomfika kidevuni, akavaa miwani.

"Mita moja thelathini na tano," alisema baada ya kupima.

"Ndiyo."

"Mtoto gani atafikia hapa, Saija?"

"Taimi anafikia."

"Kwa kizimba. Fomu inataka mtoto wa umri huo afikie kwa miguu yake mwenyewe. Angalia: sehemu ya kupikia, urefu wa kawaida."

"Nitaishusha. Niitie Kauko sasa hivi, leo jioni itakuwa tisini."

"Ishushe basi."

Saija akaweka mkono juu ya kaunta. "Uamuzi unachukua muda gani?"

"Miezi sita. Wakati mwingine minane."

"Nikiishusha, haji. Miezi sita sitamwona. Na mkikataa, sitamwona tena, maana mikutano mliifuta."

"Ndiyo."

"Nisipoishusha, jiko halifai na harudi."

"Ndiyo," alisema Marjut. Alikuwa ameshika futi iliyofunguliwa na hakuikunja. "Nimekuelewa vizuri kabisa. Nitaandika hivyo hivyo ulivyosema."

"Andika kwamba mlimchukua kwa sababu ya kiti. Mtoto wangu. Kiti kilichoyumba."

"Nitaandika na hilo."

Aliandika kweli. Lilikuwa kwenye ukurasa wa nne wa uamuzi, chini ya kichwa kinachosema Maoni ya Mama, neno kwa neno, hata pale Saija alipokosea kusema. Ukurasa wa tano ulisema kwamba jiko la mama, kwa jinsi lilivyo sasa, halifai kwa mtoto, na kwamba mtoto aendelee kuishi alipo. Barua hiyo ilifika Novemba, theluji ya kwanza ikianguka. Saija aliisoma akiwa amesimama kwenye ngazi za jengo, akapanda nayo, akalitandua lile shuka la vitone akalikunja, kisha akatwanga iliki, maana ilikuwa saa kumi kasoro robo.

Taimi alikuja saa kumi. Alikuwa amejikata nywele za mbele mwenyewe, vibaya. Saija hakuligusa jambo la barua, na Taimi hakuuliza. Anneli alikuwa amekwisha kumwambia. Walikanda, wakagawa unga mafungu matatu, wakayavuta yakawa kamba ndefu, wakasuka. Taimi alisuka haraka na kwa usawa sasa. Akapaka yai juu, akanyunyiza sukari.

"Keshokutwa darasa letu lina sherehe," alisema hatimaye. "Nimesema nitaleta pulla. Ila nataka kuioka mwenyewe, nyumbani, na tanuri letu la nyumbani lina moto mkali sana. Juzi iliungua chini, juu bado mbichi. Nifanyeje?"

Saija alikuwa anapangusa ubao. Aliendelea kupangusa mpaka sehemu ile ikawa safi.

"La nyumbani lipunguze digrii ishirini," alisema. "Sinia uiweke rafu ya kati. Na usifungue mlango kabla ya dakika kumi na tano, hata ukisikia harufu."

"Ishirini, katikati, kumi na tano," alirudia Taimi.

"Ndiyo."

Taimi akajifuta mikono kwenye aproni, akamwegemea mama yake begani kwa muda, kupitia juu ya ukingo. Halafu akageuka kinyumenyume, akashika mbao, akashuka.